NDEGE WAMEWAKOSEA NINI? LEO NAWACHANA "WAPENDA NDEGE" WA MASHINDANO

Najua mmezoea kuja hapa kuchukua ubuyu wa wasanii, nani kaachana na nani, nani kakodi gari akasema kanunua. Leo ubuyu upo pia, tena wa moto, ila ni wa watu ambao wengi wenu hamjawahi hata kuwawaza. Ni watu wanaoshindana kuangalia ndege.

Ndiyo, ndege. Wenye manyoya, siyo wa kupanda pale airport. Na wewe unayecheka, subiri kwanza, maana na mimi nilicheka. Sasa hivi sicheki.

Majina sitaji. Najua mtanijaa inboksi "taja taja taja", ila sitaji, na kabla hujanirukia kwamba naogopa, soma mpaka chini utaelewa. Na msitu wenyewe pia sitautaja. Hiyo nayo utaelewa.

MCHEZO WENYEWE UKO HIVI

Kwa wasiojua: duniani kuna aina za ndege zaidi ya 10,000. Tanzania peke yake tuna zaidi ya 1,100, na Kenya hivyo hivyo wamepita 1,000. Sisi tunaamka tunasikia wanapiga kelele dirishani tunavuta shuka. Kuna watu wanapanda ndege (ile ya airport sasa) kutoka Ulaya na Marekani, wanakuja huku na darubini, wanalala porini, ili tu waone kindege kimoja cha ukubwa wa kiganja na kukitia tiki kwenye listi.

Listi ndiyo kila kitu. Kuna listi ya maisha, kuna listi ya mwaka, kuna listi ya nchi, kuna listi ya siku. Mwaka 2015 Mmarekani anaitwa Noah Strycker alizunguka dunia mwaka mzima akaona aina 6,042. Mwaka uliofuata tu, 2016, Mholanzi Arjan Dwarshuis akaivunja, akapita 6,800. Wanaotoka Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani wana mtandao unaitwa eBird, ulianza mwaka 2002, unaingiza ndege uliowaona na wapi na lini, na kuanzia 2015 wana Siku Kubwa ya dunia nzima kila mwezi wa tano, watu wanahesabu ndege ndani ya siku moja.

Na siyo wazungu tu. Hapa hapa Bongo na Kenya vijana wameingia. Wana magrupu ya WhatsApp, wana timu, wana tisheti, wanapangana nani wa kwanza nani wa mwisho. Mimi nilivyoambiwa nilifurahi kwa kweli. Nikasema kumbe vijana wanaweza kuamka saa kumi alfajiri kwa kitu kisicho na bia ndani yake.

Nataka nieleweke hapa mapema. Kuhesabu siyo dhambi. Kuna mama mmoja Mmarekani, Phoebe Snetsinger, mwaka 1981 madaktari walimwambia ana saratani na hana mwaka wa kuishi. Akasema basi, nikae nyumbani nilie? Akabeba darubini. Aliishi mpaka 1999, akafariki kwenye ajali ya gari Madagascar akiwa bado anatafuta ndege, na alikuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha aina zaidi ya 8,000. Huyo listi ilimpa maisha. Na alikuwa anaandika kila alichokiona kwa umakini kama karani wa benki. Kwa hiyo tatizo langu siyo listi. Tatizo langu ni watu wanaoitumia listi kama leseni ya kufanya ushenzi.

USIKU NILIOUONA MIMI MWENYEWE

Dada yangu kaolewa upande wa Tanga, kule milimani Usambara Mashariki. Shemeji yangu ni mwongozaji. Hana digrii, ni mtoto wa kijiji tu kama mimi nilivyo mtoto wa kitaa, lakini mtu yule akisikia mlio mmoja kwenye giza anakwambia ni ndege gani, dume au jike, na ana njaa au ana hasira. Natania hapo kwenye njaa. Kidogo.

Mwaka juzi vijana wa mashindano wakaja. Timu tatu, siku moja, aliyeona aina nyingi ndiye bingwa. Shem akaniambia, "Njoo na simu yako shem, upige video, labda watu wa blogu yako watapenda." Nikaenda. Nilikuwa nina hamu kama naenda shoo ya bure.

Mgeni mkubwa siku hiyo alikuwa bundi. Siyo hawa bundi mnaowajua wa kukaa kwenye minara ya misikiti na makanisa. Huyu ni bundi mdogo wa Sokoke. Urefu wake sentimita kama 16 hadi 18, ukimweka juu ya mche wa sabuni hawaachani sana. Dunia nzima anapatikana kwenye misitu ya pwani ya Kenya, hasa ule wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, na huku kwetu kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Basi. Hakuna kwingine. Yupo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka kwa sababu misitu yenyewe inaisha.

Kwa hiyo kwenye mashindano bundi huyu ni dhahabu. Timu ambayo haina yeye imekosa kitu cha kutambia.

Saa mbili usiku tukaingia msituni na timu ya kwanza. Kiongozi wao tumwite Bosi Lenzi, ana kamera yenye lenzi kama bomba la maji taka, na Instagramu ana wafuasi wengi kuliko wakazi wa kile kijiji. Bosi Lenzi akatoa spika ndogo ile ya blututhi. Akapiga sauti ya bundi iliyorekodiwa. Kwa mbali bundi wa kweli akajibu. Kila mtu akashangilia kimya kimya. Mimi mwenyewe mwili ulisisimka.

Akapiga tena. Na tena. Bundi akasogea, akatua kwenye tawi pale juu yetu, kajitanua manyoya. Tochi nne zikamuwakia usoni. Flashi zikaanza, pa pa pa. Shem akasema kwa upole, "Bosi, nadhani imetosha, tumuache." Bosi Lenzi akajibu bila hata kumwangalia, "Mara moja ya mwisho." Mara moja ya mwisho ilikuwa dakika arobaini, nilikuwa naangalia saa.

Tunatoka, timu ya pili inaingia. Spika nyingine. Wakitoka, timu ya tatu. Bundi mmoja, usiku mmoja, spika tatu.

SASA MTANIAMBIA "SI SAUTI TU, SAUTI INAUA?"

Hili swali aliniuliza hata mshkaji wangu mmoja. Nikamwambia hivi. Upo kwako usiku, umelala na mkeo na watoto. Unasikia sauti ya mwanaume anaita nje ya dirisha: "Toka, nyumba hii yangu." Utalala? Utatoka na panga. Unazunguka nyumba nzima, humuoni. Unarudi ndani, anaita tena. Usiku mzima. Kesho hivyo hivyo. Lini utaenda kazini?

Ndicho anachosikia yule ndege. Ile sauti kwenye spika kwake ni dume mwingine kaja kumnyang'anya eneo. Badala ya kutafuta chakula, anatafuta mgomvi ambaye hayupo. Kama ana mayai au makinda, anayaacha. Na akikaa kwenye tawi la wazi anapigwa tochi, wanyama wanaokula bundi nao wana macho.

Nitakuwa mkweli: shem mwenyewe anasema kupiga sauti mara moja, fupi, ukaacha, kuna wakati ni afadhali kuliko watu kumi kukanyaga vichaka wakimtafuta. Kwa hiyo simsemi anayepiga sekunde ishirini akazima. Hata Wamarekani kwenye chama chao cha watazamaji wa ndege wana kanuni zilizoandikwa, wanasema punguza kupiga sauti, na sehemu zinazotembelewa sana au kwa ndege adimu ndiyo ujizuie zaidi. Uingereza wana sheria kabisa tangu mwaka 1981, ukimsumbua ndege adimu aliye kwenye orodha akiwa kwenye kiota unapelekwa mahakamani. Kwa hiyo haya mambo yanajulikana. Bosi Lenzi anajua. Kwenye ukurasa wake kaandika "mtetezi wa mazingira". Mtetezi! Kama wewe ni mtetezi basi nzi ni fundi wa usafi.

KISHA AKATOA PANGA

Hapo nilidhani nimeona yote. Kesho yake asubuhi Bosi Lenzi anasema picha za usiku hazijatoka vizuri, anataka bundi mchana.

Mchana bundi hawa wanalala. Wanakaa chini chini kwenye vichaka vizito, mara nyingi dume na jike wamebanana pamoja kama wapenzi kwenye daladala. Shem alikuwa anajua kichaka kimoja wanacholala wawili. Hicho kichaka alikuwa anakitunza kama akaunti ya benki. Wageni anawapeleka wawili watatu, wanaangalia kwa mbali dakika tano, wanaondoka. Miaka mitatu hivyo, na bundi wapo tu.

Shem hakutaka kumpeleka. Akaambiwa, "Sisi ndiyo tunaokulipa au bundi ndiyo wanakulipa?" Jamani. Mtu mzima, ana watoto wawili, anaambiwa hivyo mbele ya mdogo wa mke wake. Akatupeleka.

Tumefika, bundi wapo, wamefumba macho. Kuna vitawi viwili vinapita mbele ya uso wa mmoja. Bosi Lenzi akachukua panga la shem kwenye begi, akavikata. Kisha kingine pembeni "ili mwanga uingie". Kichaka kikawa kama nyumba iliyoezuliwa bati. Picha zikatoka kali kweli, sikatai. Zina laiki mpaka leo.

Hii tabia ya kukata majani ipo sana, na mbaya zaidi wanaifanya kwenye viota. Unaona picha ya kinda kafungua mdomo, mwanga mzuri, hakuna jani hata moja mbele, unasema wow. Jiulize majani yameenda wapi. Yale majani yalikuwa paa. Bila paa kuna jua, kuna nyoka, kuna kunguru. Na kunguru mnawajua nyie watu wa Dar, wale weusi wa shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na leo wanakula mpaka chipsi yako mkononi. Mpe kunguru kiota kisicho na paa uone.

WAONGO NAO WAPO

Timu ya tatu nayo ina mambo yake. Yule kiongozi wao, dada mmoja mwenye maneno mazuri sana, tumwite Dada Tiki. Dada Tiki alimaliza siku na ndege ambao shem anasema msituni mule hawajawahi kuwepo. Mwingine wa kuishi kwenye mbuga kavu, kamuona kwenye msitu wa mvua. Kaulizwa picha, hana. Kaulizwa sauti, simu iliisha chaji. Kila ndege mkubwa simu imeisha chaji.

Siku hizi kuna programu za simu zinasikiliza mlio na kukukisia jina la ndege. Nzuri sana kwa kujifunzia. Ila kuna watu simu ikikisia tu, tiki. Hajamuona, hajamsikia kwa sikio lake, na mwingine alikuwa ndani ya gari vioo vimepandishwa. Wengine wanatia tiki kwa ndege aliyemsikia mwongozaji. Mwongozaji kasikia, mwongozaji kamtambua, jina linalopanda kwenye listi ni la bosi.

Unaweza kusema inamuumiza nani? Mwache ajidanganye. Hapana. Zile rekodi za kwenye mtandao wanasayansi wanazitumia kujua ndege gani wanapungua na msitu gani ulindwe. Ukijaza uongo unawapa ramani ya uongo. Na huu ujinga siyo mpya. Waingereza walikuwa na kashfa yao inaitwa Hastings. Kuanzia 1892 mpaka 1930 eneo moja dogo kule kusini likawa linatoa ndege adimu kama kiwanda. Kumbe wengi ni mchezo. Mwaka 1962 wataalamu wakatoa hesabu zao hadharani, lawama zikamwangukia fundi wa kukausha ndege aliyekuwa anauzia wakusanyaji, na rekodi rundo zikafutwa. Wale angalau walikuwa na sababu ya hela. Dada Tiki alikuwa anagombania tisheti na kikombe cha plastiki.

SASA SEHEMU YANGU

Hapa ndiyo panaponiuma na ndiyo sababu nimekaa na hii posti kwenye simu karibu mwaka mzima.

Siku ile kwenye kichaka na mimi nilikuwa na simu. Nilichukua sekunde kumi na tano. Bundi wawili wamebanana, mmoja kafungua jicho moja kama mzee aliyeamshwa kwenye kikao. Nikaiposti siku ile ile. Na nikaweka lokesheni. Siyo mkoa. Msitu wenyewe, mpaka jina la njia. Kwanini? Kwa sababu ukiweka lokesheni posti inasambaa zaidi. Hakuna sababu nyingine. Watu elfu arobaini waliangalia. Nililala na furaha.

Wikiendi iliyofuata bodaboda zilianza kupanda mlima. Vijana, wengine hawajui hata mwongozaji ni nini, wanaingia na simu wanapiga ile sauti ya bundi kwa fulu volume. Wanaulizana "kichaka kiko wapi?" Walikanyaga mpaka mahindi ya jirani wa dada, bibi mmoja anaishi peke yake.

Ndani ya mwezi bundi hawakuwepo tena pale. Shem alirudi asubuhi baada ya asubuhi. Mwisho akaacha.

Mnajua nini kilifuata? Wahusika wa msitu walimuita shem, siyo Bosi Lenzi. Panga lilikuwa la nani? La shem. Nani alionyesha kichaka? Shem. Akasimamishwa miezi miwili, msimu wa wageni. Dada akauza mbuzi. Bosi Lenzi wakati huo anaposti kikombe chake, "asante Mungu, kazi ngumu inalipa". Kwenye posti ile aliwashukuru watu kumi na moja na kampuni ya kamera. Jina la shem halimo.

Nilimfuata inboksi. Nikamweleza kwa heshima kabisa, bundi hawapo na mtu kakosa kazi. Akanijibu: "Ndege wanahama bro, ndio maana wana mbawa."

Kaka, bundi wa Sokoke hahami. Siyo korongo wa Ulaya anayekuja huku kukimbia baridi. Ana msitu wake, basi. Ukimfukuza kwenye kichaka salama anaenda kichaka kibaya, na msitu wenyewe kila mwaka unapungua. Mtu mwenye lenzi ya mamilioni hajui hilo, au anajua na anajibu hivyo makusudi. Sijui kipi kibaya zaidi.

Na je, walioondoa bundi ni panga lake, ni spika za timu zote tatu, au ni posti yangu? Shem hajawahi kuniambia. Nimemuuliza mara mbili, anabadilisha stori. Mimi nimeifuta ile video, lakini kufuta hakurudishi kitu.

"BUNDI NI MCHAWI, ACHA WAONDOKE"

Najua kuna mtu yupo tayari kuandika hivyo. Tumekulia humo. Bundi akilia juu ya bati, bibi anatafuta nani mgonjwa mtaani. Bundi akionekana mchana, mawe.

Sikiliza basi. Kwenye kijiji cha shem watoto waliacha kurusha mawe. Waliacha kwa sababu waliona bundi analeta wageni, wageni wanakula mgahawa wa mama fulani, wanalala kwenye vyumba vya mzee fulani, wananunua asali. Uganda kule Mabamba ni hivyo hivyo. Kuna ndege mkubwa wa domo kama kiatu, korongo nyangumi. Wavuvi walikuwa wanamuona mkosi, ukikutana naye hupati samaki, wakawa wanamuua. Leo wavuvi wale wale wanapeleka wageni kwa mitumbwi kumuona, na hawataki hata umsogelee vibaya.

Mkosi umegeuka mtaji. Sasa bundi wakiondoka na wageni wakiacha kuja, mtoto atashika nini? Atashika jiwe, na mkaa utachomwa, na hutakuwa na neno la kumwambia. Hilo ndilo ninalolilia hapa. Siyo kindege tu. Ni yale makubaliano madogo kati ya kijiji na msitu ambayo yalijengwa miaka mingi na watu kama shem, halafu mtu anakuja na spika anayavunja kwa wikiendi moja ili apate tiki.

Na kuna hatari nyingine ya lokesheni. Miaka ya 1980 Tanzania tulikuwa tunauza nje kasuku wetu wadogo, wale wa kijani wenye shingo ya chungwa, kwa wingi wa kutisha, wanakamatwa porini wanapakiwa kwenye maboksi. Wakapungua mpaka dunia ikashtuka. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje. Lakini mwenye wavu bado yupo, na yeye anaangalia Instagramu kama wewe. Ukimwekea lokesheni ya kiota umemfanyia kazi yake bure. Ndiyo maana hata eBird wanaficha sehemu walipo ndege wanaowindwa sana. Wao wanaficha, wewe unaanika kwa ajili ya laiki mia tatu.

KWANINI SITAJI

Sasa mmeelewa. Msitu sitaji kwa sababu nilishautaja mara moja na mnajua ilivyoisha. Bosi Lenzi sitaji kwa sababu shem karudi kazini, na hii ni dunia ndogo. Bosi Lenzi anajua mawakala, anajua wageni, neno lake moja kwenye grupu, "yule mwongozaji ni msumbufu", na dada yangu anauza mbuzi wa pili. Hivyo ndivyo wanavyolindwa hawa watu. Siyo kwamba watu hawaoni. Wanaoona ndiyo wanaokula kwao.

Kwa hiyo natupa jiwe gizani. Nikisikia mtu kapiga kelele huko, nitajua limempata.

NINACHOTAKA

Kwa wanaoandaa mashindano: acheni kuhesabu ndege wa usiku walio hatarini. Toeni pointi zao kabisa. Mtu akijua bundi wa Sokoke hana pointi, spika itabaki kwenye begi. Na atakayekutwa anakata majani, timu nzima nje, hata kama baba yake ndiye kanunua kikombe.

Kwa wanaotaja idadi: ndege uliyeonyeshwa na mwongozaji, andika jina la mwongozaji. Mbona mnataja aina ya lenzi? Binadamu aliyekuonyesha ni mdogo kuliko lenzi?

Kwa waongozaji: mkisema "imetosha", semeni wote. Shem akisema peke yake anaonekana msumbufu. Wakisema kumi, mgeni hana pa kwenda.

Kwa sisi tunaolaiki: ukiona picha ya kiota kisicho na jani, usilaiki. Muulize tu kwenye komenti, kwa upole kabisa, "majani yako wapi kaka?" Swali hilo tu. Watu wa kiki hawaogopi Mungu, wanaogopa komenti.

Na kwangu mimi: sitaweka lokesheni ya kitu chochote chenye uhai tena, na kama humu ndani kuna posti ya zamani nimefanya hivyo, niambieni niifute.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa dada. Usiku tumekaa nje na shem tunakunywa chai, kwa mbali sana kukasikika kile kimluzi chao, fyu, fyu, fyu. Sijui kama ni wale wawili au wengine. Nikashika simu kwa mazoea. Shem akaniangalia tu.

Nikairudisha mfukoni. Tukasikiliza mpaka kikaacha chenyewe.

Haya, uwanja wenu wadau. Komenti ziko wazi. Matusi kwangu ruhusa, nimeyastahili kidogo. Ila ukitaja jina la mtu au la msitu nafuta, usinilaumu.